Likizo ya Juni Mang'ula: Kwa Nini Tuliacha Kukodi Gari

Mwaka 2023 niliwapeleka mke wangu na watoto wetu watatu Mikumi kwa siku mbili. Tuliporudi Dar es Salaam nilikaa mezani na risiti zangu zote, nikaona kwamba katika shilingi 1,150,000 tulizotumia, 700,000 zilikwenda kwenye gari la kukodi na mafuta yake. Mtu aliyetupatia gari hilo alikuwa amekubaliana nami bei moja kwa simu, na asubuhi ya safari, mizigo ikiwa imeshapakiwa na watoto wamekwisha kukaa, akaniambia kwamba mafuta hayamo katika bei ile. Nililipa kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Ndani ya hifadhi tuliona twiga, tembo na makundi ya nyumbu, na siwezi kusema kwamba hatukufurahi. Lakini kufikia saa sita mchana kitinda mimba wetu alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, kaka yake alikuwa akiuliza tutashuka lini, nami nilikuwa nikitazama saa kila mara kwa kuwa kila saa ya gari lile nilikuwa nimeilipia.

Hesabu ya siku ile ndiyo iliyobadilisha namna familia yetu inavyopanga likizo. Watu wengi wanaoniuliza habari za safari huanza na kiingilio cha hifadhi, wakidhani ndicho kinachowazuia, ilhali raia wa Tanzania hulipa kwa shilingi, na kiwango chake ni sehemu ndogo sana ya kile anacholipa mgeni kutoka nje. Kinachokula fedha ni gari. Katika hifadhi nyingi za tambarare huruhusiwi kutembea kwa miguu ovyo, kwa hiyo asiye na gari lake lazima akodi, na akikodi ndipo bajeti nzima inapolegea. Kwa hiyo tulipokaa mimi na mke wangu mwishoni mwa mwaka 2024 kupanga likizo iliyofuata, swali letu la kwanza lilikuwa moja tu: ni wapi katika nchi hii ambapo miguu inatosha?

Jibu tulilolipata lilikuwa Udzungwa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara za kuzungushia watalii; mtu huingia kwa miguu, hutembea kwa miguu na hutoka kwa miguu. Makao yake makuu yako Mang'ula, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, kando kabisa ya barabara ya mabasi yaendayo Ifakara. Ukishashuka kwenye basi umeshafika. Sijui sehemu nyingine nyingi ambako msitu mkubwa kama ule unaanzia karibu namna hiyo na kituo cha basi.

Fedha zenyewe tulizikusanya kwa njia tatu, na kila moja ilinifundisha jambo.

Ya kwanza ni mchezo, yaani upatu. Mke wangu anacheza na wenzake tisa kazini, kila mmoja anatoa shilingi 50,000 kwa mwezi, na anayefikiwa na zamu anapokea 500,000. Kura ilipopigwa Januari alipata namba 10, yaani Oktoba, lakini mwenzake aliyepata namba 5 alitaka apokee karibu iwezekanavyo na mwisho wa mwaka, wakabadilishana mbele ya wote. Nimeona kwamba karibu kila mtu anazitaka zamu za mwisho wa mwaka, kama vile vikoba vingi, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vinavyovunjwa Desemba watu wakagawana, na fedha hizo zikaingia mikononi wakati uleule ambao nauli, vyumba na kuku vyote vimepanda. Zamu ya Mei haigombaniwi. Hata hivyo lazima niseme wazi, kwa sababu nimeona watu wakiumia hapa: aliyepokea mwezi wa tano bado anadaiwa miezi mitano mingine. Zile 500,000 nusu yake ilikuwa akiba yetu na nusu yake ilikuwa deni, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba chochote kitakachobaki safarini kitakwenda kulipia mchezo kwanza.

Ya pili ilikuwa shilingi 15,000 kila Jumamosi, kwa majuma 22, kwenye laini ya simu ambayo hatuitumii kwa jambo jingine lolote. Laini hiyo haikai kwenye simu. Inakaa kwenye droo ya mke wangu ndani ya bahasha, kwa sababu fedha iliyo kwenye simu ninayotembea nayo ni rahisi mno kuigusa pindi mtu anapopungukiwa. Majuma mawili tulishindwa kuweka, tukalipa juma lililofuata mara mbili. Mwisho wa Mei zilikuwa 330,000.

Ya tatu ni kibubu cha watoto. Tulichukua kopo la maziwa ya unga, nikalitoboa kwa kisu tundu linalopitisha sarafu ya mia mbili na noti iliyokunjwa, kisha tukaufunga mfuniko wake kwa gundi ili usifunguke bila kuharibika. Sheria ilikuwa kwamba chenji yoyote ya dukani iliyo chini ya shilingi 1,000 inaingia kwenye kopo, iwe imeletwa na mtoto au na mimi. Jumapili ya mwisho ya Mei tulitandika jamvi sebuleni tukalikata kopo, na binti yetu wa miaka 11 akasimamia kuhesabu: sarafu za mia kumikumi, za mia mbili tanotano, akizipanga vijiti vijiti kama vinara vidogo hadi jamvi likajaa. Zilikuwa 64,700. Kwa mzee wa nyumba ni fedha ndogo, lakini tangu siku ile watoto waliizungumzia safari kama safari yao, na huko njiani sikusikia hata mmoja akililia soda, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajua chupa moja ya soda ni sarafu ngapi za jamvini.

Jumla tulikuwa na shilingi 894,700.

Kuhusu wakati wa kusafiri sina haja ya kueleza mengi. Desemba ndugu zetu wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani kwa maelfu, stendi zinajaa, na ijapokuwa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hutangaza nauli elekezi, mpiga debe anayejua kwamba huna basi jingine hukutajia bei yake. Mimi mwenyewe niliwahi kulipishwa zaidi nikiwa na mtoto mchanga mikononi na mvua inanyesha. Januari nayo inakuja na sare, madaftari na michango. Likizo ya Juni haina mambo hayo. Kwa upande wa Udzungwa ina faida nyingine kubwa zaidi, kwamba masika yamekwisha, kipupwe kimeanza, njia za mlimani zimeanza kukauka, na maporomoko bado yana maji tele kutokana na mvua za Machi hadi Mei. Anayekwenda Aprili atakuta njia zinateleza, na anayekwenda Oktoba atakuta maji yamepungua.

Tuliondoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR hadi Morogoro. Nauli ya kawaida tuliyolipa ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, kwa hiyo sisi wazazi wawili pamoja na kijana wetu wa miaka 15 tulilipa 39,000, na wadogo wawili, wa miaka 11 na 6, wakalipa 13,000. Kwenda na kurudi ikawa 104,000. Basi lingetufikisha Morogoro pia, tena lingetupeleka moja kwa moja hadi Mang'ula bila kubadilisha, na wapo watakaosema tungeokoa fedha kwa kupanda basi tangu Dar. Nililifikiria hilo. Lakini mimi natenganisha kubana matumizi na kujitesa: treni inafika Morogoro kwa chini ya saa mbili, haikutani na foleni ya Kibaha wala ya Chalinze, na watoto watatu waliofika Morogoro hawajachoka wana uwezo wa kuvumilia basi la mchana. Kwa kitinda mimba wetu, ambaye alikuwa hajawahi kupanda treni, saa zile mbili zilikuwa ni likizo tosha. Jambo la kukumbuka ni kwamba stesheni ya Morogoro iko mbali na stendi ya Msamvu, na bajaji ya kukupeleka huko lazima iwe ndani ya bajeti yako, maana nimesoma hesabu nyingi za wasafiri ambazo zinasahau vipande vifupi kama hivi, kisha mtu anashangaa elfu ishirini zimekwenda wapi.

Kutoka Msamvu basi linafuata barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na barabara hiyo inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Hapo mabasi hulazimika kupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama. Kupitia dirisha la basi, kwa nauli ileile tuliyokuwa tumelipa kwenda Mang'ula, tuliona swala wengi sana, twiga wanne na tembo watatu waliosimama karibu na barabara wakila majani. Kijana wetu mkubwa aligeuka akanitazama bila kusema neno. Alikuwa anakumbuka gari la mwaka 2023, na mimi pia.

Mikumi mjini basi linaacha barabara kuu na kuelekea kusini, linapita Kidatu na mashamba makubwa ya miwa ya Kilombero, na upande wa kulia milima inaanza kuinuka, kijani kibichi, vilele vyake vimefunikwa na mawingu. Tulifika Mang'ula jua likielekea kuzama.

Nyumba ya wageni tuliyolala ilikuwa ya kawaida kabisa: vyumba viwili, kila kimoja shilingi 25,000 kwa usiku, maji ya bomba, choo ndani na feni. Kabla ya kulipa nilikagua kitu kimoja tu kwa makini, nacho ni vyandarua. Bonde la Kilombero lina mbu wengi, na si ajabu kwamba taasisi kubwa ya utafiti wa malaria ilianza kazi zake Ifakara, si mbali na hapo. Chandarua cha chumba cha watoto kilikuwa na matundu mawili, nikaomba kingine, nikaletewa. Mtu anaweza kupunguza fedha kwenye chakula, kwenye usafiri, hata kwenye ukubwa wa chumba, lakini si kwenye kinga ya malaria, kwa sababu mtoto mmoja akiugua mnarudi nyumbani mapema, na fedha zote mlizookoa zinaishia zahanati.

Chakula ndicho kilichonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Siku ya kwanza tulikula kwa mama lishe karibu na stendi: wali, maharage, mchicha na perege wa kukaanga, na watu watano tukashiba vizuri. Mke wangu alipomsifia yule mama kwa wali wake alijibiwa, "Huo mchele wa hapahapa, mwanangu, haujasafiri kama nyinyi." Kesho yake alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alimwendea mama mwenye nyumba ya wageni, akamsalimia, wakazungumza kwa muda mrefu habari za watoto na mashamba, kisha akamwomba tutumie jiko lake la mkaa uani mwa nyumba nyakati za jioni. Mama akakubali kwa shilingi 3,000 kwa siku, mkaa wetu wenyewe. Kuanzia hapo tulinunua sokoni mchele wa Kilombero, nyanya, bamia, ndizi mbivu na mapapai, na jioni tulipika sote. Mapapai yale yalikuwa makubwa, mekundu ndani, na bei yake ilimshangaza mke wangu aliyezoea bei za sokoni kwetu. Kwa siku zote chakula kilitugharimu 140,000, pamoja na zile chapati na mayai ya kuchemsha tuliyotoka nayo nyumbani.

Ndani ya hifadhi malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo unapewa kumbukumbu namba ya malipo na kulipa kwa simu, na ni vema uhakikishe una salio la kutosha kabla hujafika getini. Ni lazima pia kuwa na mwongozaji. Siku ya kwanza tulichagua njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, yaliyo karibu na makao makuu, kwa makusudi ya kumpima mtoto wa miaka 6 kama ataweza kupanda siku inayofuata. Nashauri kila mzazi afanye hivyo. Ukiilipia safari ndefu kisha mtoto akashindwa njiani, umepoteza kiingilio, mwongozaji na furaha ya wengine kwa mara moja.

Siku ya pili tulikwenda Sanje, kijiji kilicho kilomita chache kabla hujafika Mang'ula ukitokea Kidatu, ambako ndiko inakoanzia njia ya maporomoko makubwa ya maji yenye kimo cha takribani mita 170. Njia inapanda ndani ya msitu mzito. Ukitoka kwenye jua la mashambani na kuingia chini ya miti ile, hewa inabadilika ghafla, inakuwa ya baridi na yenye harufu ya majani yaliyooza, na sauti za kijijini zinakatika kama mlango umefungwa. Mwongozaji wetu, kijana mzaliwa wa hapo, alitembea nyuma ya kitinda mimba wetu wakati wote, akimwonyesha mahali pa kuweka mguu. Mara kadhaa alituomba tusimame. Mara ya kwanza tulimwona mbega mwekundu, na kichwa chake chenye nywele za rangi ya kutu, akituchungulia kutoka juu. Mara ya pili ilikuwa sauti tu, mlio mkubwa kutoka bondeni, naye akatuambia kwamba huyo ni ng'olaga. Wataalamu wa wanyama walimtambua nyani huyu mwaka 1979 tu, wakampa jina la Sanje, na hapatikani popote duniani nje ya milima ya Udzungwa. Lakini wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Binti yangu alitoa daftari lake akaandika neno hilo, akauliza linaandikwaje, akalitamka mara tatu.

Juu ya maporomoko kuna mahali unapoweza kusimama ukaliona bonde lote la Kilombero chini yako, mashamba ya miwa yamepangwa kama mikeka, na barabara tuliyojia imekuwa uzi mwembamba. Tulikaa hapo karibu saa nzima. Hakuna aliyetuharakisha, kwa sababu hapakuwa na gari linalotusubiri kwa saa. Kisha tulishuka hadi kwenye dimbwi chini ya moja ya maporomoko, watoto wakaoga maji ambayo ni ya baridi mno hata wakapiga kelele, na hapo ndipo soli ya kiatu cha kijana wetu ilipobanduka kabisa. Aliteremka na raba iliyofungwa kwa kamba. Jioni tulimnunulia viatu vya mtumba sokoni kwa shilingi 15,000, na nilishukuru kwamba tulikuwa tumeweka kando fungu la dharura badala ya kulipangia kila shilingi kazi yake.

Hesabu kamili, kwa wale watakaotaka kupanga safari kama hii, ilikuwa hivi: treni 104,000, mabasi kutoka Morogoro hadi Mang'ula na kurudi, pamoja na bajaji, 150,000, vyumba viwili kwa usiku nne 200,000, chakula 140,000, viingilio, mwongozaji na usafiri wa Sanje kwa siku mbili 125,000, viatu na vitu vidogo vidogo 45,000. Jumla ni shilingi 764,000 kwa watu watano na siku tano, yaani pungufu kwa 386,000 kuliko zile siku mbili za Mikumi. Kama tungelala usiku tatu badala ya nne, au kama tungepanda basi moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, ingepungua zaidi, lakini sidhani kama ningetaka kuondoa chochote.

Zilibaki 130,700. Laki moja ilikwenda kwenye mchezo wa Juni na Julai kama tulivyokubaliana, na 30,700 zilitumbukizwa kwenye kopo jipya ambalo binti yetu alilitoboa mwenyewe. Wiki hiyohiyo alikuja na ramani ya atlasi ya shule, akaniuliza juu ya Amani, ule msitu wa Usambara Mashariki, wilayani Muheza, ambako Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Nilimwambia kwamba njia zake ni za kutembea kwa miguu na kwamba Muheza iko kwenye barabara ya Tanga. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika jina hilo ubavuni mwa kopo, na chini yake akaandika: Juni.